Mawe ya Kwa Wazee

Aurelia alikuwa na hasira za karibu, na Litembo nzima ililijua hilo. Mwaka mmoja mbuzi wa jirani walipoingia kwenye miche yake ya kahawa, alimkamata mmoja sikio, akamkokota hadi kilabuni, akamtoa mwenye mali nje mbele ya wenzake na kumsema mpaka pombe ikamtoka kichwani. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki wa kigango, na wanawake wenzake walimpenda kwa hizo hizo hasira, maana alipokuwepo yeye hakuna aliyethubutu kuwachezea. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfanya ashushe sauti, naye ni mama yake, Bonifasia.

Bonifasia alishapita miaka themanini. Miguu ilimsumbua, lakini macho yalikuwa mazima, na ubishi wake ulikuwa mzima kuliko vyote. Alizaliwa chini ziwani, katika mji mdogo wa Lundwe, akapanda milima kuja Umatengo kuolewa na katekista Augustino. Tangu hapo aliirudia Lundwe kwa misiba tu. Alikuwa akizika na kuondoka siku hiyo hiyo, hata kama ilimbidi alale njiani. Watoto wake walidhani ni joto la kule lililomshinda.

Kwa hiyo Mwalimu Mansuetus alipopiga simu, Aurelia alikuwa na jibu tayari mdomoni. Mansuetus alikuwa mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya kanisa la mawe la Lundwe, lililokuwa likitimiza miaka sabini. Alieleza kwa sauti yake ya darasani kwamba mabinti waliobeba mawe ya kulijengea kanisa lile walikuwa wamekufa karibu wote. Bibi Bonifasia alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Kamati ilitaka kumheshimu, avishwe kitenge cha jubilei, apigwe picha na askofu, wageni wamwone.

"Nitamuuliza, Mwalimu," Aurelia alisema, "ila usiweke matumaini sana."

Bonifasia alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Watanipeleka makaburini?"

"Makaburini kufanya nini, mama?"

"Watanipeleka, au hawatanipeleka?"

"Nitakupeleka mwenyewe."

"Basi naenda," alisema Bonifasia, akaendelea na maharage yake.

Ulikuwa msimu wa kahawa, punje zimewiva zinadondoka zenyewe. Aurelia alimwachia kaka yake Alphonce shamba na wachumaji, akashona gauni jipya, akamshonea na mama yake. Hakuficha fahari yake. Kwa majirani alitangaza kwamba mama yake anakwenda kukaa kiti kimoja na askofu. Tangu utotoni alikuwa akisikia habari za kanisa lile la mawe, na mara zote aliambiwa kwamba lilijengwa na watoto wa kike wenye imani kubwa. Leo mmoja wao alikuwa mama yake mwenyewe.

Gari la parokia liliwafuata Mbinga mjini, likawateremsha milimani mpaka ziwa likaonekana kule chini, jeupe kama bati jipya. Walifika Lundwe Jumamosi asubuhi. Sherehe ilikuwa kesho yake, na kwa siku ile kamati ilikuwa imeandaa matembezi ya kuwatembeza wageni Mtaa wa Misheni, mtaa wa zamani unaopanda kutoka ufukweni hadi kanisani, wenye nyumba za matofali ya kuchoma zilizochakaa. Wageni walikuwa wajukuu wa Lundwe waliotawanyika Songea na Dar es Salaam, wamevaa kofia za jua, simu zimewashwa tayari kupiga picha.

"Shikamoo, bibi!" Mansuetus alimpokea Bonifasia kwa mikono miwili. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola. "Leo wewe ndiye malkia wetu."

"Marahaba," alisema Bonifasia. "Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa Kunigunda, bibi."

Bonifasia alimtazama kwa muda. "Kunigunda nilimjua," akasema.

Aliyeongoza matembezi alikuwa binti wa kwaya aitwaye Hilda, mwenye kipaza sauti cha mkononi na sauti nzuri. Aliwaanzishia chini kabisa, kwenye kikanisa cha Waanglikana ambacho mapaa yake yalishaanguka, mizizi imepasua kuta. Wageni walipiga picha madirishani. Kisha akawapandisha kwenye kilima kidogo kando ya mtaa, mahali paitwapo Kwa Wazee. Pale palikuwa na jabali kubwa lililoinama mbele kama paji la uso, na chini yake alama ya ukuta wa duara uliobaki msingi tu. Bonifasia alisaidiwa kupanda, huku Aurelia akimshika kiuno.

"Ndugu wageni," Hilda alianza, "hapa lilikuwa hekalu la kale la wapagani. Wazee wetu walikuja hapa kutambikia mizimu, kuomba mvua na samaki. Lakini nuru ya Injili ilipowafikia, waliona aibu. Walilivunja wenyewe, kwa hiari yao, na mawe yake wakayabeba huku wakiimba kwenda kuijenga nyumba ya Mungu. Mabinti wadogo ndio waliokuwa mstari wa mbele. Na mmoja wao tuko naye hapa leo!"

Makofi yalilia. Wanawake wawili walipiga vigelegele. Mansuetus alikunjua kitenge kipya, chenye picha ya kanisa katikati na maandishi ya jubilei pembeni, akamvika Bonifasia mabegani. Simu zote zikamgeukia. Aurelia alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Katikati ya zile kelele alimsikia mama yake akisema kitu kwa Kinyasa, chini chini. Aurelia alikuwa amekulia katika Kimatengo na Kiswahili, na Kinyasa alikijua nusu nusu.

"Unasemaje, mama?"

"Nasema jua kali."

Wakashuka, wakaenda kanisani. Lilikuwa kanisa zito, la mawe ya kijivu, limesimama juu ya mteremko likitazama maji, na mbele yake ngazi pana. Wageni walipanda, wengine wakipiga magoti kidogo mlangoni. Bonifasia alifika ngazi ya tatu, akasimama. Aurelia alidhani ni magoti yamekaza. Akamshika mkono amwinue, lakini mkono ule ulikuwa mgumu.

"Hili silikanyagi," Bonifasia alisema.

Aurelia aliinama akaangalia. Lilikuwa jiwe kubwa, bapa, na katikati yake palikuwa na shimo la mviringo, laini kama bakuli lililosuguliwa kwa miaka mingi. Maji ya kudekia yalikuwa yametuama humo.

"Njoo bibi, tukushike huku na huku," alisema Mansuetus.

"Nimesema silikanyagi. Humu ambuya alikuwa akimwaga unga."

"Ambuya ni nani?" aliuliza mgeni mmoja kutoka Dar, mwanamke mwenye miwani.

"Bibi yangu, mzaa baba. Chalila." Bonifasia alizungumza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesimulia habari za sokoni. "Yeye ndiye aliyekuwa akitunza pale Kwa Wazee. Mwaka huo mvua zilikuwa zimekataa, watu wakaenda kuomba, na Wakristo wakiwemo, na baba yangu akiwemo. Padri akasikia. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu. Akasema waliokwenda hawapati komunyo, watoto wao hawasomi, na wakifa hawazikwi makaburini, mpaka pale pavunjwe, na mawe yabebwe na mabinti wa nyumba hizo hizo. Hii ilikuwa adhabu. Huyu mtoto anasema tuliimba. Nani aliimba? Shingo zilivimba. Mwenzetu mmoja alianguka na jiwe likamponda mguu, akawa kiwete hadi anakufa."

Hakuna aliyepiga picha tena. Hilda alikuwa ameteremsha kipaza sauti.

"Jiwe hili lilikuja kuchukuliwa na wanaume kwa miti," Bonifasia aliendelea. "Ambuya alikuwa amekaa juu yake. Walimnyanyua, wakamweka pembeni kama gunia. Yeye alikataa kubatizwa, alikataa kuomba radhi. Hakumaliza mwaka. Alizikwa nje ya ukuta, huko nyuma, kama mbwa."

Mansuetus alicheka kicheko cha adabu. "Ndugu zangu, bibi yetu amechoka na safari. Jua la ziwani nalo si mchezo." Alichukua kipaza sauti mkononi mwa Hilda. "Tuendelee ndani kwa wimbo. Kwaya, tusaidieni!"

Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, na wageni kadhaa wakaitikia, wakifurahi kupata kitu cha kufanya.

Kitu kilipasuka ndani ya Aurelia. Miaka hamsini na mitatu ya maisha yake alikuwa amesikia habari ya mabinti wenye imani, na yeye mwenyewe aliwahi kuwasimulia watoto wa kipaimara kama mfano wa kuigwa. Mama yake alikuwepo siku ile, ameketi benchi la mbele, na hakusema neno. Aurelia alipanda ngazi kwa kupita pembeni, akakinyakua kipaza sauti mkononi mwa Mansuetus.

"Mama yangu hajamaliza kusema!"

Sauti yake iligonga kuta na kurudi. Wimbo ulikatika.

"Aurelia, taratibu," Mansuetus alinong'ona. "Kuna wageni."

"Si ndio mliwaitia wageni wamwone? Basi waacheni wamwone! Mmemtoa kitandani kwake Litembo aje apambe uongo wenu?"

"Nimemaliza," alisema Bonifasia kutoka chini. "Sasa nipelekeni kwa ambuya."

Mansuetus alibadilika uso. Alijifuta jasho kwa leso. "Huko nyuma kuna ujenzi, bibi. Kuna udongo udongo, utachafuka. Twende kwanza tukanywe chai, halafu kesho baada ya misa..."

"Nimekuja kwa ajili ya huko tu," Bonifasia alisema, akageuka na kuanza kutembea.

Aurelia alimfuata, na wageni, wakiwa hawajui wafanye nini, wakawafuata wote wawili. Walizunguka kanisa, wakapita makaburi ya misheni yaliyopakwa chokaa kwa ajili ya sherehe, wakatokea kwenye ukuta mfupi wa mawe wa upande wa bondeni. Nje ya ukuta palikuwa na tofali za saruji, rundo la mchanga, na mtaro mrefu uliochimbwa kufika kifuani. Mafundi wawili walikuwa ndani yake na majembe.

"Mnachimba nini?" Aurelia aliuliza.

"Vyoo vya wageni, mama," alijibu mkubwa wao, mwanamume wa makamo aitwaye Egidi. "Vya kesho."

Bonifasia alikuwa akitazama rundo la udongo. Juu yake palikuwa na vipande vya chungu cheusi, chenye nakshi ya mistari shingoni, na kando yake mfuko mtupu wa saruji uliofunika kitu. Alijikongoja hadi pale, akainama, akaufunua. Ilikuwa mifupa, imekusanywa pamoja bila mpango, ya rangi ya tumbaku.



"Nani ameyafanya haya?" Aurelia alisema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliomjua wangekimbia.

Egidi aliweka jembe chini. "Mama, sisi tulisema. Juzi tulipokutana nayo tulisimamisha kazi, tukamwita mwenyekiti. Alikuja akaona mwenyewe. Akasema ni mifupa ya mbuzi, tuendelee, sherehe imekaribia."

"Mbuzi!" Aurelia alimgeukia Mansuetus. "Mbuzi wa Lundwe huzikwa na vyungu?"

"Sikuwa na hakika..."

"Ulikuwa na hakika! Wewe umezaliwa hapa, umekulia hapa, umefundisha hapa! Mtoto gani wa Lundwe hajui nani amelala nje ya ukuta? Ulijua, ukanyamaza, ukampigia mama yangu simu kwa sauti ya asali aje avishwe kitenge, na huku nyuma unamchimbia bibi yake choo!"

Alikunja gauni lake jipya mapajani, akaruka ndani ya mtaro. Mafundi walimpisha. Akasimama katikati ya udongo mwekundu, mikono kiunoni.

"Haya, chimbeni. Wekeni choo chenu. Anzeni na mimi."

Mtu alikuwa amekwisha kukimbia kumwita Padri Urbani, paroko, kijana mrefu ambaye hakuwa na mwaka pale Lundwe. Alifika na simu mkononi, maana msafara wa askofu ulikuwa njiani na kila mtu alikuwa akimpigia. Alisikiliza upande wa Mansuetus, akasikiliza wa Egidi, akaitazama mifupa, akafumba macho kidogo.

"Mama," alimwambia Aurelia kwa upole, "tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Sitoki."

"Nakuelewa uchungu wako. Ni jambo la kusikitisha sana. Ninachoomba ni kwamba tulitulize leo, tuifanye sherehe, halafu wiki ijayo tukae na wazee tulizungumze kwa kina."

"Wiki ijayo!" Aurelia alipaza sauti. "Padri, mimi ni mwenyekiti wa WAWATA. Nimepika kwenye sherehe zenu tangu sijaolewa. Nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba tofali za nyumba ya masista. Mama yangu amekuwa mke wa katekista miaka yote ya ndoa yake. Tumenyamaza na kungoja vya kutosha. Mtaro huu ufukiwe leo, mbele ya macho yangu, au kesho askofu wako atanikuta humu humu, na nitamwamkia kutoka hapa chini."

Baadhi ya wageni walicheka, kisha wakajizuia. Yule mwanamke mwenye miwani hakucheka. "Ana haki," alisema kwa sauti. "Mimi sitaingia kwenye choo hicho."

Mansuetus alikuwa ameinamisha kichwa, lakini alipoona padri anasita, alikohoa. "Baba Paroko, kwa heshima zote, tusiyakuze mambo. Yule bibi hakuwa hata Mkristo. Alikuwa mpagani. Pale palikuwa pori tu, si makaburi."

Aurelia hakukumbuka baadaye alipandaje kutoka mtaroni. Alichokumbuka ni kola ya shati lile jeupe ikiwa ndani ya ngumi yake yenye matope, na uso wa mzee yule karibu sana na wake, na mkono wake mwingine ukiwa umeshainuka.

"Aurelia!" mama yake aliita. "Mwache."

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mwache. Njoo unishike hiki."

Bonifasia alikuwa amevua kitenge cha jubilei mabegani na kukitandaza chini, picha ya kanisa ikitazama juu. Kwa taabu alipiga magoti. Akaanza kuihamisha mifupa, mmoja mmoja, akiupangusa udongo kwa kidole gumba kabla ya kuuweka kwenye kitambaa. Fuvu aliliweka katikati, juu ya mlango wa lile kanisa lililochorwa. Aurelia aliiachia kola. Alipiga magoti upande wa pili, akaviokota vipande vya chungu.

Waliponyanyuka, padri alikuwa amezima simu.

"Fukieni mtaro," aliwaambia mafundi. "Wageni watatumia vyoo vya shule." Kisha akamgeukia Bonifasia. "Bibi, naomba radhi. Turuhusu tumzike ndani ya ukuta, kwenye makaburi ya misheni, kwa heshima zote. Nitaongoza mazishi mwenyewe."

Kwa Aurelia hilo lilikuwa jambo kubwa, ushindi hasa, mbele ya watu wote. Lakini mama yake alitikisa kichwa.

"Alikataa kuingia humo akiwa na mdomo wa kusema. Leo hana mdomo, ndipo mnamwingiza? Hapana. Mrudisheni alipokuwa."

Kwa hiyo Egidi alishuka mtaroni, akachimba zaidi pembeni mpaka kwenye udongo ambao haukuwa umeguswa, na Chalila akateremshwa humo ndani ya kitenge cha jubilei. Padri aliuliza kama anaweza kusali.

"Simama tu," Bonifasia alimwambia.

Padri akasimama, kofia mkononi. Hilda alisimama naye, analia bila sauti. Mansuetus alikuwa ameshaondoka.

Jioni ile parokia ilitoa gari la kuwarudisha, na Aurelia akalikataa. Aliita bodaboda wawili waje kuwachukua hadi Mbamba Bay.

"Hasira ni zako," Bonifasia alilalamika akipandishwa kwenye pikipiki, "ila mgongo utakaouma ni wangu."

Walilala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Waliletewa ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, na Bonifasia alikula kama mtu aliyetoka kupalilia. Aurelia hakugusa.

"Kwa nini hukuniambia?" hatimaye alimuuliza. "Miaka yote hii. Nimewafundisha watoto ule uongo, wewe umekaa unanitazama."

"Ningesema vipi? Baba yako alikuwa katekista. Siku ya kwanza nilipomweleza, aliniambia nisirudie tena, watasema mke wake ni mtu wa mizimu, atanyang'anywa kazi. Nikanyamaza. Ukishanyamaza miaka kumi, mdomo unazoea."

"Baba alisema hivyo?"

"Aliogopa. Alikuwa mtu mzuri, ila mwoga."

Aurelia alisukuma sahani. Alimpenda sana baba yake, na sasa hata yeye ilibidi amkasirikie, tena akiwa kaburini ambako hawezi kujibu. "Ungeniambia mimi, baada ya yeye kufa."

"Nikuambie wewe? Ungeshuka huku kupigana."

"Ndiyo!"

"Haya. Umeshuka, umepigana. Kula samaki, anapoa."

Sherehe ilifanyika bila wao. Hilda alimpigia Aurelia simu wiki iliyofuata, akamwambia kwamba picha za ngazi na za mtaro zilikuwa zimesambaa kwenye makundi ya simu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekalishwa kikao na kamati kwa kushindwa kudhibiti wageni, na kwamba yeye hatasema tena kuwa waliimba. Padri Urbani naye alipiga, mara mbili. Aurelia alimjibu kwa adabu. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa mahali pake, lakini wimbo wa maandamano ulipoanza, mdomo ulikataa kufunguka. Ilimchukua wiki kadhaa kuimba tena. Cheo cha WAWATA hakukiacha. Alisema akikiacha atakuwa amewapa nafasi wanaotaka anyamaze.

Kahawa ilipokwisha, yeye na Alphonce walishuka Lundwe na mifuko ya saruji. Egidi aliwasaidia. Walizungushia kaburi ukuta mdogo, wakaandika jina kwenye zege bichi kwa ncha ya msumari: CHALILA. Hapakuwa na tarehe ya kuandika, wala msalaba.

Walikuwa wanakaribia kumaliza Mansuetus alipotokea pembeni ya ukuta wa makaburi. Alikuwa amepungua mwili. Hakuvaa shati jeupe.

"Poleni na kazi," alisema.

"Tumekwisha poa," alijibu Alphonce, asiyekuwa na ugomvi na mtu. Aurelia aliendelea kulainisha zege kwa mwiko.

Mzee yule alisogea karibu na kaburi. "Mama yangu naye alibeba," alisema ghafla. "Ni yeye aliyeangukiwa na jiwe. Nimekua nikimwona anakokota ule mguu, na watoto wenzangu wanamwigiza. Nilipopata kazi ya ualimu nikaanza kusimulia kwamba alibeba kwa hiari. Ilikuwa nafuu kwangu. Na yeye alikuwa akinisikia, na hakunikatalia. Nikaona labda anafurahi."

Alphonce alimtazama dada yake. Aurelia alikuwa amesimamisha mwiko. Alimfikiria mama yake kwenye benchi la mbele, akisikiliza naye bila kukatalia, na kwa kitambo kifupi hasira ilimponyoka. Kisha ikarudi, nzima.

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema. "Pole kwa mama yako. Nasema kwa moyo. Lakini mifupa uliyoiita ya mbuzi haikuwa ya mama yako, ilikuwa ya bibi yetu. Ulikuja hapa, ukasimama ulipo sasa, ukaiona, ukawaambia watu waendelee kuchimba. Hilo hukufundishwa na padri wa ndevu nyekundu. Ulilifanya wewe."

"Ndiyo," alisema Mansuetus.

"Basi usiniombe leo nikuambie yamekwisha. Hayajakwisha."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akaondoka kwa njia ya makaburini. Alphonce alisema labda wangemkaribisha walau maji ya kunywa. Aurelia alimkata jicho, na Alphonce akachukua ndoo kwenda kuteka maji ya kuoshea vifaa.

Aurelia alibaki peke yake. Alizifuta kingo za ukuta, akaliondoa jani lililokuwa limenasa kwenye zege karibu na jina, akafunga mdomo wa mfuko wa saruji uliobaki. Jioni hiyo hiyo walipakia vitu vyao kwenye gari la kukodi na kupanda milima kurudi Litembo, ambako mama yao alikuwa akingoja kuambiwa kama kuta zimesimama wima.